Grenda ya waya (isiyo ya betri) kwenye gari la kazi: refusha waya wa upande wa volti 240

Kwa mafundi wa Malindi wanaobeba inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ya volti 12 kuwa wa volti 240) kwenye gari kwenda saiti ambazo bado hazina stima, za Mayungu kwa mfano. Grenda ya wati 1,200 inavuta ampea 5 upande wa volti 240, lakini upande wa betri ya volti 12 ni ampea 100, na ukihesabu upotevu wa inveta, kama 115. Hapo ndipo waya mwembamba unapokuumbua. Mita 2 kwenda na 2 kurudi kwa waya wa milimita 10 za mraba hupoteza volti 0.8 hivi, grenda ikianza, inveta inapiga kelele na kujizima, na lawama anapewa muuza betri.

Funga inveta ya wati 2,000 karibu kabisa na betri, kwa waya wa shaba wa milimita 50 za mraba, na fyuzi ya ampea 200 mara tu unapotoka kwenye ncha chanya ya betri. Umbali uufidie kwa ekstensheni: mita 20 za waya wa milimita 1.5 za mraba hupoteza volti 2 na kidogo tu kati ya 240.

Acha injini ya gari ikinguruma, ila altaneta (inayochaji betri) haitoi ampea zake zote injini ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, kwa hiyo kata kidogo, pumzisha. Kompresa ni habari nyingine, mwanzo wake ni mzito mno. Vichwa vya waya vipake grisi; chumvi ya huku haina huruma.