Rhode Island: piga hema mahali pamoja tu
Ukipanga kwenda Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani, usihangaike kuhamisha hema kila siku. Kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 77 tu. Weka kambi kwenye eneo la kambi la Burlingame, kule mji wa Charlestown, karibu na ziwa la Watchaug, uwe unatoka asubuhi kwa gari: leo mji wa Newport, kesho kisiwa cha Block Island. Kisiwani huko wageni hawaruhusiwi kupiga kambi, kwa hiyo kariri saa ya feri ya mwisho ya kurudi bandari ya Point Judith, bara. Gari liache bandarini, baiskeli inatosha kabisa. Na jioni, tafadhali sana, kaguaneni kupe, hasa watoto, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kupe wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria.