Somo: Kupima umri wa moreni za Rwenzori

Barafu ya Rwenzori siku hizi imebaki vipande vidogo vileleni. Zamani ilishuka hadi mabondeni, ikisukuma mawe na udongo na kuacha matuta marefu: moreni. Ziwa Mahoma, upande wa Uganda, limezungukwa na tuta la aina hiyo, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Barafu iliondoka hapo lini? Jibu limo kwenye mawe ya tuta: tunahesabu atomi zilizolimbikizana ndani yake tangu barafu iyaache wazi.

1. Chagua jiwe. Kazi yote huharibikia hapa. Panda mgongoni mwa tuta utafute jabali la mita moja au zaidi, lililokita imara, mbali na genge linaloporomosha mawe. Kwangu mimi, mawe matano ya uhakika yanashinda ishirini ya kubahatisha.

2. Kwa nyundo na tindo, bandua sentimita chache za juu. Mionzi ya kosmiki, itokayo angani, hugonga oksijeni iliyomo ndani ya kwatsi (madini magumu ya mawe) na kuzalisha berili-10, aina adimu ya atomi za berili. Kadiri jiwe linavyokaa wazi ndivyo atomi zinavyolimbikizana: usawa wa bahari, mbali na ikweta, ni kama atomi 4 kwa gramu kwa mwaka. Mlimani huzaliwa nyingi zaidi.

3. Andika mahali, mwinuko na unene wa kipande. Kwa dira na klinomita (kifaa cha kupimia pembe ya mwinuko), pima vilele vinavyolikinga jiwe na mionzi pande zote. Ukisahau, maabara haitakuokoa.

4. Maabarani jiwe husagwa, kwatsi husafishwa kwa asidi ya hidrofloriki (kali mno, waachieni wenye mafunzo), kisha atomi za berili-10 huhesabiwa kwa AMS, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake.

5. Linganisha mawe ya tuta moja. Lililozidi wenzake kwa umri huenda lilipigwa na mionzi kabla ya kubebwa na barafu. Lililopungua pengine lilipinduka, au lilifunikwa na udongo likafukuliwa baadaye.

MASWALI

Naweza kuitumia njia hii Mlima Kenya?
Mawe ya kule ni ya volkeno, kwatsi haimo. Huko na Kilimanjaro wataalamu walitumia klorini-36, atomi nyingine inayozalishwa na mionzi hiyo.

Si rahisi kuchimba tope la ziwa tukapima kaboni-14 (atomi inayoonyesha umri wa mabaki ya viumbe)?
Chimbeni, inasaidia. Ila tope lilianza kutuama barafu ikiwa imeshaondoka, kwa hiyo tuta lina umri huo au zaidi. Tena kaboni-14 huishia kwenye miaka 50,000 hivi.

Kwa hiyo tarehe tunayopata kwenye mawe ndiyo barafu ilipoanza kusonga mbele?
Hapana. Atomi huanza kulimbikizana barafu inapoliacha jiwe, yaani inapoanza kurudi nyuma. Ilianza kusonga kabla ya hapo, na ilipokuwa ikishuka ilifagia matuta madogo yaliyokuwa njiani.