Wanaume, hivi ndivyo unaenda hospitali na kilti (ama kikoi) bila kujiaibisha

Nianze na mguu wangu. Nilivunjika mfupa wa chini ya goti kwa ajali ya boda, nikawekwa vile vyuma vya nje, zile ringi zinazunguka mguu na pini zinaingia mpaka kwa mfupa, na siku ya kutoka wodi ndiyo niligundua hakuna suruali duniani inapita hapo. Bro wangu alikuwa ameniletea jinsi. Jinsi! Tukaangaliana tu. Sista akasema wengine hukata suruali na makasi kutoka chini mpaka juu, sasa wewe piga hesabu utakata suruali ngapi kwa miezi ya kliniki. Jirani wa kitanda, mzee wa Pumwani, akanitupia kikoi chake akasema funga hii kijana, utarudisha siku ya kliniki. Sijarudisha mpaka leo, akisoma hii anisamehe.

Kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti, ilikuja baadaye. Niliipata Gikomba kwa mitumba ya makoti mazito, muuzaji mwenyewe alidhani ni skati ya shule. Tofauti iko hivi: skati ya shule ina marinda pande zote (na nyinyi wenye akili chafu tulieni, naongea nguo), kilti ya mwanaume mbele iko bapa kabisa, marinda yako nyuma na kando tu, na inafungwa na mikanda midogo ya ngozi, kawaida miwili upande wa kulia na mmoja kushoto. Urefu wake sahihi ni katikati ya goti. Ile ya kisawasawa ya Waskoti inameza yadi 8 za kitambaa cha sufu, yaani mita 7 na kitu, na uzito unaweza kufika kilo mbili. Hiyo kumbuka ukipimwa uzito, usije ukaambiwa umenona kumbe ni marinda.

Sasa ya kuvaa ni gani? Kama unaenda kuonwa tu na daktari, na ni Julai ile baridi ya Nairobi ya kukaa kwa benchi ya simiti kuanzia asubuhi na mapema, vaa kilti, sufu inashika joto na marinda mengi yako nyuma unakokalia, ni kama umebeba mto wako. Lakini kama kuna kidonda kinatoa maji, ama unaenda kubadilishwa bandeji, kikoi kinashinda. Ni pamba, unaloweka na maji moto na sabuni, unaanika, kesho kimekauka. Kilti ya sufu ukiiweka kwa maji moto inajikunja inakuwa ya mtoto, na ile dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda ikimwagika hapo utahangaika nayo sana.

Ndani vaa boksa. Najua mnapenda ile stori ati Mskoti halisi havai kitu ndani, sawa, abaki nayo huko kwao, wewe utapandishwa kwa kitanda kirefu mbele ya daktari na wanafunzi wake sita. Boksa safi, isiyobana, rangi ya giza.

Kukaa ndiyo kunashinda wengi. Suruali imetuharibu sisi wanaume, tunajiachilia tu miguu ikienda Kisumu na Mombasa. Na kilti, kabla hujakaa pitisha nyuma ya mikono yako chini ya matako ukilaza marinda yasijikunje, kaa, halafu sukuma kitambaa cha mbele kianguke katikati ya mapaja. Kile kipochi cha mbele, wao wanaita sporani, kinasaidia sana hapa kwa sababu uzito wake unashikilia kitambaa chini, na ndani unatia kitambulisho, simu na karatasi ya kliniki. Kama mguu uko na plasta na lazima uunyooshe mbele, beba leso ama shuka ujifunike mapajani, kwa sababu mtu wa benchi ya mbele hajalipia hiyo sinema. Ukiokota kitu chini usiiname kiuno, chuchumaa, na kama mguu hauwezi basi omba mtu, hakuna aibu.

Pale geti soja ana kile kifaa cha kupitisha mwilini na kitalia, kwa vyuma vya mikanda, kwa pini ya kilti (ile ya chuma inachomekwa pale mbele), kwa mnyororo wa sporani. Mwambie mapema. Na wale wanapenda kuvaa kamili na kile kisu kidogo cha kwa soksi, acha nyumbani tafadhali, utaanza kuelezea mila za Uskoti kwa soja wa Nairobi saa moja asubuhi na foleni iko nyuma yako.

Ukiingia kwa daktari ndiyo utajua raha ya hii nguo. Goti, unapandisha kidogo tu. Kifundo, hata hugusi kitu. Sindano ya tako au nyonga, unalegeza mikanda, unageuka, unapigwa, unafunga, suruali iko wapi hapo? Kipimo cha moyo wanaweka zile waya kifuani na kwa mikono na miguu, so miguu yako iko tayari, shida itakuwa shati, vaa ya vifungo. Ultrasaundi ya tumbo wanataka mpaka chini ya kitovu, legeza mikanda yote ushushe kiuno kidogo, na uombe karatasi ya kuweka kwa ukingo kwa sababu ile jeli inaingia kwa sufu vibaya sana. Kama ni ya kibofu na umeambiwa unywe maji mengi usikojoe, usifunge mikanda kwa nguvu, nakuhurumia mapema.

Eksirei: mguu hakuna maneno, lakini ya nyonga au kiuno mikanda ina vyuma na vitatokea kwa picha juu ya mfupa wenyewe wanaotafuta, so kilti inatoka. Unapewa gauni. MRI usicheze kabisa. Ile mashine ni sumaku kubwa na inakaa inavuta saa zote, hata kama hawajaanza kupiga picha, na pini ya kilti ikivutwa inaruka kama risasi. Toa kilti, pini, sporani, saa, kila kitu, acha nje na mtu wako. Na kama una vyuma kwa mguu kama mimi waambie hata kama unafikiri wanaviona, vingine vinaruhusiwa humo vingine haviruhusiwi, ni wao watasema.

Theata nayo hakuna mjadala, kila kitu kinatoka unavaa lile gauni la kufungwa mgongoni ambalo kusema ukweli linaonyesha zaidi ya kilti yoyote. Lakini kabla hujaingia mpe mtu wako kikoi akae nacho, usiache kwa rafu ya wodi. Ya kwangu moja ilipotea hapo, sitaji ni wapi.

Umuhimu ni wakati wa kutoka. Ukidungwa ile sindano ya mgongo miguu inakaa imekufa masaa kadhaa, na hata ikiamka kuinua mguu mmoja uingie kwa suruali ni kazi ya watu wawili. Kikoi ama kilti inafunguka yote inakuwa kama shuka. Mwambie mtu wako atandaze kwa kitanda, wakuviringishe upande mmoja kisha mwingine, wakufungie ukiwa umelala. Basi, umevaa. Ukifanyiwa henia, usifunge kikoi juu ya kidonda, peleka lile fundo upande mwingine. Na kama umetoka na mpira wa mkojo na ule mfuko wa kufunga kwa mguu, hii ndiyo nguo yako, hakuna kitu kinabana mpira, mfuko unabaki chini ya kibofu vile inatakikana, unaumwaga bila kuvua chochote na hakuna mtu kwa matatu anajua.

Matatu yenyewe, omba kiti cha mbele, na ukipanda shika marinda ya nyuma na mkono mmoja. Boda sahau. Ukivuka lile daraja la miguu la Thika Road upepo ukiwa mkali, kilti itatulia juu ya uzito wake lakini kikoi kitakuaibisha, shika mbele na nyuma.

Watu wataongea, si ni Nairobi. Mimi nimeulizwa kama ni Mmaasai kwa sababu ya zile drafti nyekundu, na shosho mmoja kwa benchi akaniuliza, "Kijana, hiyo skati ni ya nani?" Nikamwambia shosho ni ya kwangu, nikainua kidogo akaona vyuma. Akanyamaza, akasogea nipate pa kunyoosha mguu, na baada ya kama dakika kumi akauliza Gikomba wanauza pesa ngapi, ana mjukuu amelazwa na mguu kama huo.

Nilinunua mia nane. Anza na mia tano.