Jinsi ya Kupata Vitabu Vinavyofanana na Muswada Wako: Mwongozo kwa Waandishi wa Kanda ya Ziwa

Mchapishaji akipokea barua yako, swali linalomkera si kama unajua kuandika. Hilo ataliona akifungua muswada. Anachotaka kujua mapema ni hiki: kitabu hiki kikifika dukani kitapangwa karibu na vitabu vipi, na nani atanyoosha mkono kukichukua? Mawakala wa fasihi wa Uingereza na Marekani hutaka uwatajie vitabu viwili au vitatu vya kulinganisha ndani ya barua yenyewe, tena vilivyotoka miaka ya karibuni. Huku kwetu si kawaida kudaiwa kwa maandishi, lakini ukikaa mezani na mchapishaji swali litakuja tu, na ni vizuri likukute na jibu.

Nahariri miswada hapa Mwanza, na mingi inayonifikia ni ya watu wa ziwa: Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma. Majibu ninayoyasikia zaidi ni mawili. La kwanza: "Kinafanana na Rosa Mistika," yaani ile riwaya ya Euphrase Kezilahabi. La pili: "Hakuna kitabu kama changu." Yote mawili hayamsaidii mchapishaji, na hatua zilizo hapa chini ni za kukutoa huko.

Nitatembea na mfano mmoja wa kubuni. Tuseme muswada wako unamhusu Nyamizi, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mumewe amekufa maji, na kabla matanga hayajaanuliwa mashemeji wanaudai mtumbwi pamoja na injini yake. Nyamizi anagoma. Hadithi inasimuliwa na binti yake wa miaka 13, mwenye ulimi mkali na asiyemheshimu shangazi hata mmoja.

Hatua ya 1: Uandike muswada wako kwa sentensi nne

Sentensi ya kwanza iseme kinachotokea. Ya pili iseme nani anasimulia na kwa sauti gani: ya kejeli, ya maombolezo, ya mbiombio kama hadithi za upelelezi. Ya tatu itaje mahali na wakati. Ya nne imtaje msomaji.

Hiyo ya nne ndiyo inayowatoa watu jasho. "Watu wote" si jibu, na "Watanzania" si jibu pia. Kwa Nyamizi ningeandika hivi: msichana wa sekondari, au mama yake, aliyezoea kusoma hadithi za vipande kwenye simu na asiye na subira na kurasa tatu za maelezo ya machweo.

Waandishi wengi hutafuta kwa sentensi ya tatu peke yake, yaani mahali. Wakiandika "Ukerewe" wanaletewa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi, waandishi wakongwe wa kisiwa hicho, wanashangilia, wanafunga kazi. Lakini ziwa si aina ya kitabu. Msomaji aliyependa riwaya ya msichana mkorofi wa Tandika, Dar es Salaam, yuko karibu zaidi na binti wa Nyamizi kuliko msomaji anayetafuta mila za Wakerewe wa zamani. Unachowinda ni vitabu ambavyo msomaji wako ameshavisoma, na mara nyingi havina hata tone la maji ya ziwa ndani yake.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya maneno ya kutafutia

Kutoka kwenye zile sentensi nne, chomoa maneno. Kwa mfano wetu: mjane, mirathi, shemeji, mtumbwi, dagaa, mwalo, mvuvi, binti. Kisha andika kila neno kwa sura zake zote. Ziwa hili peke yake huandikwa Ziwa Victoria, Ziwa Viktoria na Nyanza, na mashine haijui kwamba ni maji yaleyale.

Ongeza orodha ya Kiingereza hata kama muswada wote ni wa Kiswahili. Wakutubi wa maktaba kubwa za nje huandika mada za vitabu vyetu kwa Kiingereza, kwa hiyo riwaya ya Kiswahili juu ya mjane huenda imefichwa chini ya "Swahili fiction" na "Widows". Ziwa lenyewe limegeuzwa jina kwenye orodha zao: "Victoria, Lake". Usipolijua hilo utatafuta mpaka bando liishe.

Hatua ya 3: Ingia kwenye katalogi, si kwenye maduka ya mtandaoni

Maduka makubwa ya mtandaoni yanafaa kwa vitabu vya Kiingereza, kwa sababu yana wanunuzi wa kutosha kiasi cha kukuonyesha "walionunua hiki walinunua na kile". Kwa Kiswahili mapendekezo hayo ni hafifu mno. Kimbilia katalogi mbili za bure: WorldCat, inayounganisha maktaba za dunia, na ile ya Library of Congress ya Washington.

Kwa nini Washington? Kwa sababu maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, na kazi ya ofisi hiyo ni kukusanya machapisho ya ukanda wetu. Ndiyo maana riwaya iliyotolewa na mchapishaji mdogo wa Dar es Salaam, ambayo hutaiona kwenye duka lolote la Mwanza, ina kadi yake huko. Kadi haikupi kitabu, ila inakupa jina, mwaka, mchapishaji na idadi ya kurasa, na hivyo vinatosha kuanzia.

Fasihi ya Kiswahili kwenye mpangilio wa rafu wa Library of Congress iko chini ya namba PL8704. Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa, usiishie kwenye kadi yake: bonyeza mada zilizoandikwa chini, kisha pitia majirani zake kwenye orodha ya namba. Hapo ndipo utakutana na majina ambayo hakuna mtu amewahi kukutajia.

Namba ya ISBN, ile ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu, nayo inaongea. Vitabu vingi vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, vya Kenya 978-9966, vya Uganda 978-9970. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu kumi tu na havina hiyo 978 mbele. Nikiona jina la kitabu bila mchapishaji, naangalia namba hiyo kwanza ili nijue nimtafutie Dar es Salaam au Nairobi.

Hatua ya 4: Tafuta ndani ya matini

Google Books hutafuta ndani ya kurasa, hata za vitabu ambavyo haikuruhusu kuvisoma vyote. Weka alama za kunukuu kwenye maneno mawili au matatu ambayo mtu wa ulimwengu wa kitabu chako angeyasema: "mtumbwi wa marehemu", "kuanika dagaa", "mali ya ukoo". Maneno ya aina hii huvua zaidi kuliko mada za jumla kama "haki za wanawake", ambazo zitakujazia ripoti za miradi.

Utaletewa pia miongozo mingi ya uhakiki wa vitabu vya shule. Usiidharau. Inakuonyesha ni riwaya zipi vijana wamelazimishwa kusoma, na msomaji wako wa sekondari amepita humo humo, apende asipende.

Programu za akili bandia nazo watu wanazitumia siku hizi, na sikatazi. Ila kwa Kiswahili hubuni vitabu bila aibu: jina zuri, mwandishi anayejulikana, mwaka unaoelekea kuwa kweli, na kitabu hakipo duniani. Kila jina utakalopewa huko lipitishe kwenye katalogi za hatua ya 3 kabla hujaliandika popote. Na usimwage muswada mzima mle. Sentensi zako nne zinatosha.

Hatua ya 5: Toka nje

Anza na Maktaba ya Mkoa ya Mwanza. Kwa mpangilio wa Dewey, yaani namba za kupangia vitabu kwenye rafu za maktaba, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, kwa hiyo ukiwa kwenye rafu hiyo soma migongo yote, juu hadi chini. Kama una njia ya kuingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, ulizia tasnifu za fasihi: mwanafunzi aliyeandika juu ya mjane katika riwaya ya Kiswahili ameshakukusanyia nusu ya kazi kwenye sura yake ya pili.

Halafu nenda kwa wauza vitabu, wa madukani na wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini. Epuka Januari, maana shule zikifunguliwa muuzaji ana foleni ya wazazi wenye orodha za madaftari na hana muda na wewe. Ukimkuta ametulia, usimuulize kama ana vitabu vya wavuvi. Atakuonyesha kitabu cha ufugaji wa samaki. Muulize juu ya wateja wake:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Samahani mama, wasichana wakija kununua hadithi, si za shule, za kujisomea tu, huwa wanaulizia zipi?"

"Za shule ndizo zinazotoka. Za kujisomea wanataka hizi za mapenzi, hizi fupi fupi. Nene hawagusi."

"Na akimaliza hiyo, akirudi anataka ipi?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye mali. Jibu lake ni ramani ya msomaji mmoja kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na hakuna katalogi itakayokuchorea. Hata lile la "nene hawagusi" liandike, hasa kama muswada wako umefika kurasa 400.

Hatua ya 6: Visome

Kutaja kitabu ambacho hujakisoma ni hatari, kwa sababu mchapishaji huenda ndiye aliyekihariri. Soma sura ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho, huku ukiandika anayesimulia ni nani, sura zina urefu gani, majibizano yamechukua nafasi kiasi gani, na kama mwandishi anachanganya lugha. Hili la mwisho lina uzito kwetu. Kama binti wa Nyamizi anatukana kwa Kisukuma, unataka kujua ni nani mwingine aliyeruhusiwa kuchapisha hivyo, na kama alitafsiri chini ya ukurasa au alimwachia msomaji ajitegemee.

Hatua ya 7: Chuja bila huruma

Sasa una orodha ndefu. Kata kwanza vile vinavyofanana na chako kwa mada tu. Kisha angalia miaka.

Rosa Mistika ilitoka 1971. Ilisemwa vibaya na kuzuiwa mashuleni, ikasomwa hata hivyo, na leo inafundishwa vyuoni. Ukisema chako kinafanana nayo, mchapishaji hasikii kitu juu ya soko la leo, na pia umejipachika kwenye mizani ambayo huwezi kuishinda. Riwaya ya Kitereza nayo ilimalizika kwa Kikerewe 1945 na ikasubiri zaidi ya miaka thelathini mpaka kutoka kwa Kiswahili. Ni hazina, lakini si kitabu cha kumwonyesha mtu wa mauzo. Hawa ni mababu. Mtaje babu mmoja, kwa heshima, kama kweli umeandika kwa kumjibu. Wengine wote wawe rika lako.

Waingereza na Wamarekani husema miaka mitatu hadi mitano. Kwa Kiswahili naona kanuni hiyo inabana mno, kwa sababu riwaya mpya hazitoki kwa wingi huo. Mimi hukubali hadi miaka kumi na tano, mradi angalau kimoja kiwe cha karibuni kabisa. Pa kukipata hicho ni kwenye orodha za tuzo: Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Usiangalie washindi peke yao. Walioorodheshwa nyuma yao mara nyingi ndio walio karibu nawe.

Baki na vitatu. Mgawanyo ninaoupenda: kimoja kinachofanana nawe kwa sauti, kimoja kwa kisa, kimoja kwa msomaji.

Ukikosa kabisa, rudi hatua ya 1 na usome sentensi ya nne. Karibu kila mara tatizo liko hapo. Na kama muswada wako si wa kubuni, tuseme kumbukumbu za manusura wa MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996, sheria inageuka: mada ndiyo inayotawala, na unatakiwa ujue kila kilichochapishwa juu ya ajali ile ili useme wazi chako kinaongeza nini.

Hatua ya 8: Andika aya yenyewe

Sentensi tatu zinatosha. Taja kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kisha kinachofanana, kisha kinachotofautiana. Kinachotofautiana kiwe jambo la kuonekana kwa macho. "Changu kina mafunzo zaidi" hakimwambii mtu kitu. "Msimulizi wangu ni mtoto, na kisa chote kinakwisha ndani ya siku arobaini za msiba" kinamwambia.

Usimponde mwandishi mwenzako ili upande wewe. Wachapishaji wetu ni wachache na wanajuana. Ukituma muswada kwa mchapishaji wa pili, badilisha angalau kitabu kimoja uweke kilichotoka kwake, kama kipo na kama kinafaa kweli.