Kuishi kwenye RV wakati wa winta: kwanza linda maji

Ndugu zangu mlioko Minnesota, North Dakota na huko kote theluji inakokaa miezi, kama umeamua kuingia winta ukiwa kwenye RV, yaani gari la kuishi ndani kama nyumba, inawezekana kabisa, ila jua kinachoharibu hizi gari ni maji, ya kwenye bomba na yale yanayoelea hewani humo ndani.

Anza chini ya gari. Bomba na matenki mengi yako chini ya sakafu, upepo ukipita pale yanaganda tu, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, bomba linapasuka na utakuja kugundua siku barafu ikiyeyuka. Zungushia sketi, yaani ukuta wa kuziba uwazi wa chini ya gari: nunua yale mabao ya foumu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kata kwa kisu, yasimamishe kuzunguka gari zima mpaka ardhini, viungo vyote piga tepu.

Alafu hapa ndo wengi wanapochemka. Gesi ni ghali, basi mtu anazima hita ya gesi ya gari anabaki na ya umeme peke yake. Kwenye RV nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi hewa moto ya ile hita ya gesi inapita mpaka chini kwenye matenki, ukiizima we uko na fulana umetulia kumbe chini kunaganda. Washa ya gesi, ya umeme iwe msaidizi. Na hita ya wati 1500 inakula ampia 12 na nusu, kwa hiyo kama umeme wako ni wa ampia 30 ukiwasha mbili ukaongeza maikrowevu breka ya umeme inakata. Mtungi wa gesi wa kilo 9 ukiunguza mfululizo unaisha kwa masaa kama 14 tu, hita inazima na kuwaka ndo maana unasogea siku mbili tatu, so mtungi wa akiba uwe umejaa muda wote. Gesi yenyewe iwe propeni, maana butani ikifika nyuzi 0 haitoki.

Mpira wa kuingiza maji nunua ule wenye waya wa kupasha, au jaza tenki kisha chomoa. Maji machafu usiache valvu wazi, yanadondoka kidogo kidogo yanaganda mle kwenye mpira mpaka unaziba. Funga, tenki lijae, mwaga kwa mkupuo.

Ndani sasa. Ukipika maharage, ukianika nguo, hata ukipumua tu usiku, mvuke wote unaishia kwenye vioo na chini ya godoro, na ukungu unaanzia hapo hapo chini ya godoro. Inua godoro lipate hewa, na dirisha la juu acha wazi upana wa kidole, najua inauma kuachia joto ila fanya hivyo.

Jamani, jiko la mkaa ndani HAPANA, na usiote moto kwenye jiko la gesi la kupikia. Gesi ya sumu inayotoka hapo, kaboni monoksidi, haina harufu, unalala huamki. Weka alamu yake, ibonyeze kuhakikisha inalia, na theluji ikianguka usiku asubuhi zunguka nje kabla ya chai uone lile tundu la moshi la hita halijazibwa.