Namna ya kupeleka ombi la uhifadhi kwenye Bunge la jimbo la Minnesota, Marekani

Maombi mengi ya kuokoa ziwa, kurejesha ardhi oevu au kujenga gati la kuvulia samaki hukwama kwa sababu mbili: yamepelekwa kwenye mfuko usiohusika, au yamefika bajeti ikiwa imeshafungwa. Kwa hiyo anza na mfuko, ndipo umtafute mwakilishi.

Mfuko wa kwanza unatokana na kodi ya mauzo. Mwaka 2008 wapiga kura walikubali kuongeza asilimia 0.375, hadi 2034. Ukinunua televisheni ya dola 400, dola 1.50 inaingia humo (unga na nguo hazitozwi). Asilimia 33 huenda kwenye makazi ya samaki na wanyamapori, 33 maji safi, 14.25 hifadhi na njia za matembezi, 19.75 sanaa na utamaduni. Katiba ya jimbo inataka fedha hizi ziwe nyongeza, zisizibe pengo la bajeti ya kawaida. Ukiandika kwamba mji wako umepunguza matumizi na sasa mnataka mfuko ufidie, umejifungia mlango mwenyewe.

Wa pili hupata asilimia 40 ya faida ya bahati nasibu ya jimbo. Mwaka 2024 uliongezewa muda hadi 2050. Unafaa kwa utafiti, elimu ya mazingira na kupambana na viumbe vamizi. Hapa subira ni lazima: maombi hupitiwa kwanza na tume ya watu 17, wabunge 10 na wananchi 7, na mradi unaopendekezwa hupata fedha kuanzia 1 Julai ya mwaka unaofuata.

Ujenzi wa kudumu, kama gati, hutegemea zaidi hatifungani za jimbo, yaani fedha ambazo jimbo hukopa kwa wawekezaji. Mali lazima iwe ya umma. Kiwanja cha kanisa au chama chenu hakifai. Tena zinahitajika kura tatu kwa tano katika kila bunge: 81 kati ya wawakilishi 134, na 41 kati ya maseneta 67. Ni nadra chama kimoja kuzifikisha peke yake, kwa hiyo tafuta mapema mtu wa kukuunga mkono kila upande.

Kila eneo la seneta lina namba, nalo limegawanywa A na B kwa ajili ya wawakilishi. Muone seneta na muone mwakilishi pia, kwa sababu muswada unatakiwa uwe na pacha: HF (House File) kwa wawakilishi, SF (Senate File) kwa maseneta. Muswada ulio kwa wawakilishi tu au kwa maseneta tu hulala.

Nenda na karatasi moja: mahali penyewe, mmiliki wa ardhi, kiasi cha fedha, mfuko unaoomba, na nani atagharimia matunzo baadaye. Hili la mwisho watu hulisahau, na wabunge hulikazania. Kisha uliza: Je, utaubeba muswada huu? Utapelekwa kamati gani? Mwenyekiti yuko tayari kuusikiliza? Mwenyekiti ndiye hupanga ratiba, na tarehe ya mwisho ya kamati ikipita, ni shida kuufufua.

Ukitaka kutoa maoni, jiandikishe mapema kwa karani wa kamati na uandae dakika mbili. Taja jina na mji unaoishi, na anza na “Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe”. Mjumbe akikuuliza swali, jibu kwa kumpitia mwenyekiti kwanza. Huo ndio utaratibu, na anayeukiuka huonekana mgeni.

Mwezi Mei ombi lako huenda likaingizwa ndani ya muswada mkubwa wa jumla. Hapo namba ya HF haikusaidii tena: tafuta ukurasa na mstari wenye fedha zako, uukague kila toleo jipya linapotoka, hasa likitoka kamati ya maridhiano, inayopatanisha toleo la wawakilishi na la maseneta. Hata bunge likipitisha, gavana anaweza kufuta mstari mmoja wa fedha na kusaini mengine yote.