Jinsi ya kuombea jina mlima wa mwezini ukiwa Dar

Kwanza, hakuna kontroli namba. Tovuti ikikudai dola ili ikupe cheti cha mlima wa mwezini wenye jina la mchumba wako, cheti hicho ni cha kutundika sebuleni tu. Majina rasmi hutolewa bure na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, IAU, na orodha yake inatunzwa na USGS, shirika la jiolojia la Marekani, huko Flagstaff, Arizona. Fomu iko kwenye tovuti ya orodha hiyo. Haitaki pasipoti saizi wala barua ya serikali ya mtaa, mpaka unajiuliza kama ni ofisi kweli.

Hakikisha mlima hauna jina. Milima iliyosimama peke yake katika uwanda wa Mare Imbrium, inayoonekana hata kwa darubini ndogo juu ya paa Sinza, ina wenyewe: Mons Pico, Mons Piton, Mons La Hire ("Mons" ni mlima kwa Kilatini).

Kwa kawaida jina lifuate milima ya duniani au kreta jirani, yaani yale mashimo makubwa ya mwezini. Mimi nilipeleka Uluguru. Majina ya kisiasa, kijeshi na kidini hayapiti, isipokuwa wanasiasa wa kabla ya karne ya 19.

Sasa kisanduku cha sababu, hapo ndipo muda unapoliwa. Wanataka kujua jina litamsaidia nani kisayansi. "Kuitangaza nchi" si jibu. Mons Mouton, karibu na ncha ya kusini, ulipata jina mwaka 2023 kwa heshima ya Melba Mouton, mwanahisabati wa NASA, wakati NASA yenyewe ilikuwa imepanga kupeleka roboti hapo. Kwa hiyo unahitaji mtafiti anayeuandikia mlima wako. Nilimtafuta kwenye chuo kimoja hapa mjini. "Dokta ametoka kidogo." Hiyo "kidogo" ilimaliza masika yote, na aliporudi kumbe yeye ni mtu wa dhahabu ya Geita. Usipande daladala: soma makala zinazotaja eneo lako, waandikie waandishi wake baruapepe, wakikubali ndipo ujaze fomu.

Ukijaza longitudo ya mlima wako, angalia wanahesabuje. Nyuzi 9 magharibi ni sawa na 351 mashariki.

Ombi hupitia kikosi kazi cha Mwezi, kisha hupigiwa kura. Likipita linaingia kwenye orodha, na umma una miezi 3 ya kupinga. Kuhusu kusubiri, mwanaanga Jim Lovell aliuita mlima mmoja Mount Marilyn, jina la mkewe, akiwa ndani ya Apollo 8 mwaka 1968. IAU ililipitisha mwaka 2017, na huyo alikuwa ameuzunguka Mwezi wenyewe.